Haraka iliyochongwa polepole: shajara ya mradi wa chapa za mbao za Helen Frankenthaler

Ingizo la 1: swali na kazi zilizochaguliwa

Mwaka 1952 Helen Frankenthaler, akiwa na miaka 23, alitandaza sakafuni kanvasi isiyopakwa tabaka la msingi, akazimua rangi ya mafuta kwa tapentaini hadi ikawa kama chai, akaimwaga na kuiacha inywewe na kitambaa. Kazi hiyo, *Mountains and Sea*, ndiyo iliyomweka katika historia ya ekspreshonizimu dhahania ya New York, uchoraji usioiga vitu unaoacha alama za mkono wa msanii zionekane. Baadaye alisema kuwa picha nzuri kweli huonekana kana kwamba imetokea mara moja.

Chapa ya mbao haitokei mara moja. Kila rangi inataka ubao wake au sehemu yake ya ubao, kila ubao unataka kuchongwa, na kila karatasi inarudi chini ya shinikizo mara nane, kumi, au zaidi ya mia. Swali la mradi ni hili: katika chapa zake, ile hali ya kutokea mara moja inatengenezwa na nini hasa? Jibu linatafutwa kwa njia mbili zinazokwenda pamoja: kusoma kazi zenyewe, na kurudia mbinu zake kwenye vibao vidogo ili kuona zinapofanya kazi na zinapokataa.

Wasanii wengine wawili walifikiriwa kisha wakaachwa. Jackson Pollock alichonga bamba za shaba katika karakana ya Stanley William Hayter, Atelier 17, New York, mwaka 1944 na 1945, lakini patasi ya kuchongea shaba inasukumwa mbele kwa kiganja na haina uhusiano na mkono unaorusha rangi. Kazi hizo ni nzuri, ila zinajibu swali jingine. Willem de Kooning alichora kwenye jiwe kubwa la litografia (uchapaji wa picha iliyochorwa juu ya jiwe) huko Berkeley mwaka 1960 kwa kutumia moppo ya kupigia deki. Huko hakuna fumbo: jiwe linapokea mkono kama ulivyo. Mbao haipokei, na ndiyo sababu tumeichagua.

Frankenthaler mwenyewe alianza chapa kwa litografia mwaka 1961, kwenye karakana ya Tatyana Grosman, ULAE (Universal Limited Art Editions), huko West Islip, Long Island. Mbao aliigusa miaka 12 baadaye. Kazi tunazozifuatilia:

*East and Beyond*, 1973, rangi 8, toleo la nakala 18, ULAE.
*Savage Breeze*, 1974, rangi 8, toleo la nakala 31, ULAE.
*Essence Mulberry*, 1977, rangi 8, toleo la nakala 46, kwenye karakana ya mchapaji Kenneth Tyler huko Bedford Village, New York.
*Cedar Hill*, 1983, rangi 10, mbao 13, ilichapwa Kyoto kwa mpango wa karakana ya chapa ya Marekani, Crown Point Press.
*Madame Butterfly*, 2000, rangi 102, mbao 46, karatasi tatu zenye upana wa karibu mita 2 kwa pamoja, toleo la nakala 33, kwa Tyler tena.

Sharti moja la kuandika hisia limewekwa tangu mwanzo. Hakuna neno la hisia (utulivu, huzuni, msukosuko) linaloingia kwenye daftari bila kuandikiwa kando yake kitu kinachoonekana kwenye karatasi na kinachopimika: ukingo mkali au uliofifia, wino unaopitisha mwanga au unaoziba, nyuzi za mti zinazoonekana au zilizofunikwa, eneo lililoachwa tupu. Maandishi mengi kuhusu sanaa dhahania yamejaa roho na moyo bila hata sentimita moja ya ushahidi.

Ingizo la 2: ubao uliokatwa vipande

Kwa *East and Beyond* Frankenthaler hakuchonga maumbo juu ya ubao. Alikata plaiwudi kwa jigso, msumeno wa kukata mikunjo, kila umbo likawa kipande chake, kama fumbo la watoto la kupanga picha. Mchoraji wa Norway Edvard Munch alifanya hivyo tangu miaka ya 1890: kila kipande kinapakwa wino peke yake, vinaunganishwa, vinachapwa kwa pamoja. Faida kwa mchoraji wa kumwaga rangi iko wazi. Mkono unaoongoza jigso unapita njia moja ndefu bila kusimama, na mstari unaobaki una mwendo. Patasi hula kidogokidogo na kuacha ukingo wenye vituo.

Jaribio: plaiwudi ya mm 6 yenye uso wa mahogani, sm 30 kwa 40, imekatwa vipande 5. Wino wa mafuta, rola ya mpira, mashine ya kuchapia, karatasi ya kozo (karatasi ya Kijapani ya magome).

Tatizo la kwanza lilijitokeza kwenye nakala ya kwanza kabisa. Meno ya jigso yanakula mbao, na pengo linabaki hata vipande vikisukumwa vibanane. Uwembe wa kawaida uliacha pengo la karibu mm 1.5, na kwenye karatasi likawa mstari mweupe kuzunguka kila umbo. Kwa Munch mstari huo ni sehemu ya picha. Kwa picha inayotaka rangi zigusane kama maji mawili, unaua kila kitu: jicho linaona vipande vya kigae.

Njia tatu zimejaribiwa:

Uwembe mwembamba wa sonara, kwa mkono. Pengo lilishuka hadi karibu mm 0.5, lakini mkono ukapunguza kasi na mstari ukaanza kutetemeka. Tulipata ukingo safi tukapoteza mwendo. Imeachwa.

Vipande viwili kutoka mbao mbili. Umbo A linakatwa kwenye ubao wa kwanza, umbo B kwenye ubao wa pili likiwa pana kwa mm 2 kuelekea A. Vinachapwa kwa zamu, vinapandiana. Mstari mweupe umekwisha, badala yake unatokea utepe mwembamba wenye rangi ya tatu. Wino ukiwa mwepesi, utepe huo unaonekana kama rangi mbili zilizolowana. Hii ndiyo njia bora, lakini inagharimu ubao mmoja zaidi kwa kila umbo.

Rangi ya chini. Karatasi nzima inachapwa kwanza toni moja nyepesi kutoka ubao usiokatwa, kisha vipande juu yake. Mstari upo bado, ila sasa una rangi ya hewa iliyo nyuma. Rahisi, na inasaidia rangi za juu kung'aa.

Kosa la njia ya tatu: tabaka la chini liliachwa saa 24 tu. Katika joto lenye unyevu wino wa mafuta haukukauka, na rangi ya pili ililivuta tabaka hilo likatoka madoadoa kwenye rola. Nakala 6 zimetupwa. Sasa tunasubiri saa 72, na tabaka la chini linapakwa jembamba kiasi cha kuona karatasi kupitia kwake.

Ingizo la 3: kuchakaza ubao

Hapa ndipo kazi ilipokaa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na kwa haki.

Frankenthaler hakuuchukulia uso wa mbao kuwa kitu cha kusawazisha tu. Aliukwaruza kwa msasa, na hata kwa vifaa vya daktari wa meno, kabla ya kuupaka wino. Alibuni hata neno lake mwenyewe la kazi hiyo, *guzzying*. Sisi tunasema kuchakaza.

Kanuni ya chapa ya mbao ni rahisi: palipoinuka panachapa, palipozama panabaki peupe. Kwa hiyo kila mkwaruzo ni mstari mweupe mwembamba, au wenye rangi ya tabaka la chini ikiwa lipo. Swali ni mkwaruzo upi unasomeka kama hewa, ukungu, mvua, na upi unasomeka kama mkwaruzo.

Ubao A: brashi ya waya, kufuata nyuzi. Uso ulilowanishwa kwa kitambaa, ukaachwa dakika 10, kisha ukasuguliwa mara 60 kwa nguvu ya mkono mmoja. Sehemu laini za mti zinatoka, ngumu zinabaki. Nakala inaonyesha nyuzi ndefu zinazotiririka, kana kwamba rangi imekokotwa na maji. Bila kulowanisha kwanza, brashi inang'oa vibanzi na nyuzi zinakatika.

Ubao B: msasa namba 80, kukata nyuzi kwa pembe. Matokeo ni mabaya kwa namna yenye mafunzo. Mikwaruzo yote ina unene mmoja na mwelekeo mmoja. Inaonekana kama kioo cha gari kilichofutwa kwa mchanga. Ukali upo, lakini ni ukali wa kuigiza.

Ubao C: msasa namba 240 kwa miduara midogo, kisha ncha ya chuma ya kukwangulia meno kwenye sehemu mbili tu, kila moja ukubwa wa kidole gumba. Hii ilileta kitu ambacho A haikuwa nacho: eneo tulivu lenye mahali pamoja palipofadhaika. Neno *fadhaa* limeandikwa daftarini, na kando yake: mistari 11 isiyolingana ndani ya sm 2, imezungukwa na sm 15 za toni moja. Namba hizo mbili zinahitajiana. Ubao uliochakazwa kila mahali hauna fadhaa, una kelele.

Tatizo la wino: nakala ya nne na kuendelea, mikwaruzo ilianza kupotea. Wino ulikuwa umejaa ndani. Chanzo ni viwili, wino mlaini mno na rola kupakwa mara moja kwa wingi. Marekebisho: gramu 100 za wino, gramu 40 za wino usio na rangi ili upitishe mwanga, na magnesiamu kaboneti kijiko kimoja cha chai ili ukaze. Rola ipite mara tatu ikiwa na wino kidogo kila mara. Sauti ndiyo kipimo: rola yenye wino sahihi inanong'ona, yenye wino mwingi inalia kama kandambili kwenye sakafu iliyolowa.

Ingizo la 4: kusoma *Essence Mulberry*

Kazi hii ni ndefu na nyembamba, karibu sm 102 kwa 47. Mbao za miti minne tofauti zimetumika, mwaloni na walinati zikiwamo, na kila mti una nyuzi zake. Mwaloni una vitundu virefu vilivyo wazi, lauani ina vijistari vifupi kama mvua ya manyunyu. Mtu anayechapa rangi moja kutoka miti miwili anapata ngozi mbili. Tulidhani tofauti hizo ni za wino; ni za msitu.

Jina linatokana na mforosadi uliokuwa karibu na karakana ya Tyler. Frankenthaler alitumia maji ya tunda lake kutafuta rangi. Inafaa kutahadhari hapa, kwa sababu wasomaji huchanganya: karatasi ya kozo hutengenezwa kwa magome ya jamii ya mforosadi, lakini *Essence Mulberry* imechapwa kwenye gampi, karatasi nyembamba inayong'aa kidogo kama ngozi ya kitunguu. Mng'ao huo una kazi. Kozo inaumeza wino mwepesi, gampi inaushika juu. Tulipochapa mchanganyiko uleule kwenye zote mbili, ule wa kozo ulikuwa wa unga na wa karibu. Wa gampi ulionekana kama uko nyuma ya kitu.

Kilichoandikwa kwenye safu ya hisia: *kujizuia*. Ushahidi: eneo la karatasi lililoachwa bila kuguswa ni kubwa kiasi cha kushindana na lililochapwa, na rangi inafifia kabla ya kufika mahali jicho linapoitegemea.

Ingizo la 5: maji, wanga na karatasi nyevu

*Cedar Hill* ilimpeleka kwenye mbinu ya Kijapani. Kyoto, mchongaji ni mmoja na mchapaji ni mwingine. Tadashi Toda ndiye aliyechapa. Hakuna rola wala mashine. Rangi ya maji na gundi ya wanga vinawekwa moja kwa moja juu ya ubao, vinasambazwa kwa brashi, karatasi nyevu inalazwa juu, inasuguliwa kwa bareni, yaani kisugulio cha mviringo kinachoshikwa kwa mkono.

Mapishi yaliyotufaa: unga wa mchele sehemu 1, maji sehemu 5, moto mdogo huku ukikoroga mpaka rangi ya maziwa igeuke kuwa ya kioo, kama dakika 6. Ikipoa ichujwe kwa kitambaa. Ikae kwenye jokofu, siku tatu basi. Ya nne inanuka na ya tano inaota ukungu.

Karatasi: loanisha kila karatasi ya pili kwa brashi pana, panga pamoja na kavu, funga kwa nailoni usiku mzima chini ya ubao. Asubuhi zote zinakuwa na unyevu sawa. Ukiigusa shavuni iwe baridi lakini isiache majimaji.

Mfifio wa rangi, bokashi, ndio moyo wa somo hili, kwa kuwa hakuna mbinu nyingine iliyo karibu zaidi na kanvasi inayokunywa rangi. Lowanisha eneo la ubao kwa kitambaa. Weka tone la rangi na tone la gundi kwenye ukingo mmoja tu. Pitisha brashi kwenda na kurudi bila kuinua, ukingo wenye rangi ubaki na rangi na ukingo wa maji ubaki na maji. Chapa papo hapo.

Makosa kwa mpangilio yalivyotokea:

Mfifio unaoishia kwa mstari mkali: maji hayakutosha, au ubao ulikauka wakati karatasi inalinganishwa. Kwenye joto la nyuzi 30 una kama sekunde 20. Feni izimwe.

Vidoadoa kama ufuta: gundi kidogo, maji mengi. Wachapaji wa Kijapani wana jina lake na wakati mwingine wanaitafuta makusudi. Tulihifadhi nakala mbili, zilikuwa na hewa ya vumbi la jioni ambayo hakuna aliyeipanga.

Karatasi kung'ang'ania ubao na kuchanika: gundi nyingi mno.

Rangi kutoka nje ya mahali pake kuanzia tabaka la tatu: karatasi imekauka ikasinyaa. Karatasi ya sm 40 ilikuwa imerefuka karibu mm 3 ilipolowana. Alama za kulinganishia zilizochongwa kwenye kona na ukingo wa ubao ni sahihi, tatizo ni karatasi yenyewe. Kila baada ya tabaka, irudi ndani ya nailoni.

Plaiwudi kupinda na kuachana tabaka: vanishi ya shelaki mikono miwili mgongoni na kingoni, si upande wa kuchapia.

Ingizo la 6: *Madame Butterfly*, na suala la mkono wa nani

Hapa mradi umegongana na dhana ambayo ekspreshonizimu dhahania imejengewa: kwamba alama kwenye picha ni mwili wa msanii, papo kwa papo. Frankenthaler alichora mfano juu ya mbao. Yasuyuki Shibata na wenzake kwenye karakana ya Tyler walizichonga zile mbao 46 na kuzichapa. Rangi ambayo mkono wa Frankenthaler uliiachia iende ilivyotaka, mkono mwingine uliifuata ukingo kwa ukingo kwa kisu.

Hesabu ndogo: rangi 102 mara nakala 33 ni mipako 3,366, kama kila moja ingepigwa mara moja tu na bila kuhesabu majaribio. Hapo hakuna kilichotokea mara moja.

Na bado inaonekana hivyo. Tulipochapa umbo moja la mmwagiko kwa njia tatu, sababu ilianza kujitenga. Toleo la kwanza: rangi moja nzito, ukingo mmoja. Linaonekana kama kibandiko. La pili: rangi hiyohiyo ikagawanywa tabaka 3 nyepesi zenye kingo zinazopishana mm 1 hadi 4. Tayari kuna kimiminika. La tatu: tabaka 6, kila moja kutoka ubao wenye nyuzi tofauti, moja yao bokashi. Hili la tabaka sita ndilo lililoonekana limetokea kwa dakika moja, na ndilo lililochukua siku nne.

Rangi iliyomwagwa kweli ina kingo nyingi, kwa sababu maji husimama, huenda tena, husimama. Kila kusimama kunaacha pete. Jicho limezoea pete hizo kuanzia chai kwenye kitambaa cha meza hadi mvua ukutani. Chapa yenye ukingo mmoja inakosa muda ndani yake. Yenye kingo sita inao. Shibata alichonga muda.

Kwa hiyo safu ya hisia ya *Madame Butterfly* imeandikwa upya. Mwanzoni ilisema *wepesi*. Sasa inasema *wepesi*, na kando: tabaka nyembamba nyingi, nyuzi za mti zinazoachwa zionekane kama mkondo, hakuna wino unaoziba. Neno *papo kwa papo* limefutwa.

Ingizo la 7: yaliyo mezani

*Savage Breeze* bado haijasomwa kwa kiwango cha nyingine. Maelezo yaliyopo yanategemea picha za skrini, na picha ya skrini haionyeshi unene wa wino wala mng'ao wa karatasi. Vipimo vya kingo vilivyochukuliwa kwenye skrini vimetiwa alama ya penseli, visitumike kwenye ulinganisho.

Njia ya mbao mbili zinazopandiana mm 2 itajaribiwa tena kwa wino wa maji. Kwa mafuta utepe wa katikati ulikuwa mweusi kupita kiasi pale rangi mbili zenye nguvu zilipokutana, hasa nyekundu juu ya kijani. Jaribio lijalo: upande mmoja wa mpandano uchakazwe kwa msasa 240 kwa upana wa mm 3, ili utepe ufifie badala ya kukatika.

Ubao wa 4 wa umbo la mmwagiko umepinda mm 2 kwenye kona ya juu kulia. Umelowanishwa upande uliobonyea, umewekewa matofali manne juu ya kioo. Usiguswe kabla ya Alhamisi.